Mashua Imetoka kwa Fundi: Safari ya Kwanza kwa Tanga, Kutoka Deep Sea Hadi Kigombe

Fundi akishapokea hela yake ya mwisho atapiga ubao kofi mbili na kukwambia, "Haya bwana, chombo hicho, kipya." Usimwamini. Si kwamba ni mwongo. Ni kwamba mashua iliyokaa miezi juu ya magogo, ikabadilishwa mbao, ikapigwa misumari na pamba ya kuziba mishono, imekuwa mgeni hata kwa aliyeikarabati. Hakuna ajuaye itakavyovuja, itakavyolala upepo ukizidi, wala kamba ipi itakatika kwanza. Na mashua ya tanga haina injini ya kukurudisha nyumbani ukijuta.

Kwa hiyo mwongozo huu una shabaha moja: kuilazimisha mashua ikuoneshe kasoro zake zote ungali karibu na pwani, na kupanga safari ya kwanza ili hata ikiharibika, upepo na maji vikurudishe badala ya kukupeleka. Njia niliyoichagua ni ya kutoka bandari ndogo ya Deep Sea hapa Tanga, kupita Yambe na Karange, kulala Kigombe, kisha kurudi. Wengine hukimbilia Pemba kwa safari ya kwanza, kwa sababu Pemba ina jina. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na maji yake yanakwenda kaskazini karibu mwaka mzima. Kamba ya nanga haifiki chini. Pemba iache mpaka mzoeane.

Kabla fundi hajafunga mkoba wake

Izungukeni mashua pamoja, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, ingali nchi kavu. Beba chaki. Kila ubao mpya utie alama, kila mshono uliopigwa pamba upya utie alama nyingine, na kila mahali palipong'olewa msumari utie duara. Hilo la misumari ndilo watu wanalolisahau, nami nililisahau, na nitaeleza mbele lilivyonigharimu.

Ubao mpya ukiwa mbichi utakauka na kuacha ufa. Ukiwa mkavu sana utavimba ukiingia majini na kusukuma jirani zake. Fundi mzuri anajua hilo, kwa hiyo hapigi pamba mpaka mwisho kwenye mbao kavu. Anaiacha ikiwa imeshika tu, ili ubao ukivimba uibane wenyewe. Chukua ncha ya kisu uguse mshono. Ukizama kama kwenye mkate, pamba haikupigwa. Ukigonga kama jiwe huku ubao umetokeza ufa mdogo pembeni, imepigwa kupita kiasi, na mashua ikinywa maji mbao zitasukuma mataruma, zile mbavu za ndani. Unachotaka ni ugumu wa soli ya kiatu.

Misumari uliza swali moja: ni ya zinki au ni ya dukani ya kawaida? Ile ya kawaida chumvi inaila, na kutu inapovimba inapasua ubao kutoka ndani. Angalia pia kama tundu lilitobolewa kwanza kwa keekee au drili. Msumari uliopigwa kwa nguvu bila tundu huacha mstari mwembamba unaofuata nyuzi za mti. Mafundi wa zamani huuzungushia msumari uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa chake. Ukiuona uzi huo, mshukuru Mungu, umepata fundi.

Chini ya mstari wa maji, wazee walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa, ili wadudu wa bahari wasitoboe mbao. Siku hizi wengi hutumia rangi ya dukani. Zote zinafaa, ila usipake rangi juu ya deheni, haitashika. Ndani na juu pakaa sifa, mafuta ya maini ya papa, kama unaweza kuvumilia. Harufu yake ikishaingia kwenye nguo, mkeo hatauliza ulikuwa wapi.

Jambo la karatasi nalitaja kwa kifupi. Vyombo vidogo husajiliwa na kukaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Chombo kilichobadilishwa mbao nyingi kikaguliwe tena kabla ya kubeba watu. Nenda na fundi wako, maana maswali watakayouliza ni yake kuliko yako.

Iache inywe maji

Hapa ndipo wenye haraka huharibu kazi ya miezi. Mashua ikishushwa majini siku ya kwanza itavuja, na usipoona inavuja una haki ya kushangaa. Mbao zimejikunja juani. Zinahitaji siku mbili tatu za kunywa maji mpaka zijibane. Ifunge mahali penye maji hata yakipwa, kamba mbili, moja ya omo na moja ya tezi, na mtu alale karibu.

Chukua fimbo, uikate alama kila upana wa kidole, uisimamishe kwenye ngama, pale sehemu ya chini kabisa maji yanapokusanyika. Kila saa soma fimbo, fua maji, yaani yateke uyamwage nje, hesabu ndoo. Andika. Yangu siku ya kwanza ilitoa ndoo kumi na nne za lita 20 kwa saa moja, na nilikaa ukingoni nimeshika kichwa. Siku ya pili zikawa tano. Siku ya tatu ikawa moja na nusu. Idadi yenyewe si neno. Angalia kama inashuka. Ikishuka halafu ikasimama, umefika. Ikipanda siku ya tatu, ivute pwani umwite fundi, hata kama unahisi aibu kumsumbua.

Maji yanayobaki yaonje. Ndiyo, yaonje. Yakiwa ya chumvi, yanatoka chini. Yakiwa hayana chumvi, ni mvua iliyopita kwenye mbao za juu, na hiyo ni kazi nyingine, ndogo.

Tanga, foromali na kamba zake

Vyote vijaribu nchi kavu, asubuhi yenye upepo mdogo. Litandaze tanga mchangani, lipite kwa mikono miwili, si kwa macho. Tanga kuukuu huoza kwenye mshono wake, na mshono uliooza unaonekana mzima mpaka uuvute. Vuta kwa nguvu ya mtu anayefungua gunia. Likichanika hapo, umeokoka.

Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikague pale miti miwili ilipounganishwa, maana foromali ndefu mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja. Kamba ya hapo iloweshwe, ikazwe ikiwa mbichi, iachwe ikauke, ikikauka inabana. Kisha panda mlingotini, au mpandishe kijana mwepesi, aangalie kile kitundu au gofia (kapi) inapopita henza, kamba ya kupandishia tanga. Kamba ya henza haikatiki chini unapoiona. Inakatika pale juu inaposuguana na mti. Paka shahamu hapo. Kamba ya nailoni ya dukani ina nguvu, ila inateleza kwenye fundo, kwa hiyo ongeza mzunguko mmoja kwenye kila fundo ulilozoea kulifunga kwa kamba ya katani. Sisi watu wa Tanga tumekulia katani, mikono yetu imezoea kamba inayong'ang'ania.

Demani, ile kamba inayoshika ncha ya nyuma ya tanga, isifungwe fundo gumu hata siku moja. Izungushe mara mbili na ncha yake abaki nayo mtu mkononi. Mashua nyingi zilizopinduka upepo ulipovuma ghafla zilipinduliwa na fundo la demani, wala si na upepo.

Zunguka Toten kwanza

Kisiwa cha Toten kiko ndani ya bandari yetu, mbele ya macho ya kila mtu aliyesimama ufukweni mjini. Hapo ndipo chuo chako. Zunguka mara nne au tano, siku tofauti, na kila mzunguko uwe na somo lake.

Mzunguko wa kwanza ni wa usukani. Mashua itembee kwa upepo wa ubavuni, matanga kati, halafu legeza mkono kidogo. Mashua nzuri inataka kugeukia upepo yenyewe, polepole. Ikikimbilia upepo kwa nguvu mpaka mkono unauma, uzito umezidi mbele au tanga liko nyuma mno. Sogeza farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, nyuma kwanza, ndiyo dawa ya bei rahisi. Ikitaka kukimbia upepo, hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu siku ukianguka majini itaendelea kwenda bila wewe. Rekebisha kabla ya kitu kingine chochote.

Mzunguko wa pili ni wa kushusha tanga. Mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine afungue jarari, kamba ya kupandishia na kushushia foromali. Foromali ifike chini kabla hajafika kumi. Ikikwama njiani, tafuta inapokwama. Rudieni mpaka ishuke kwa saba. Mtaona ni mchezo, na watoto wa pwani watawacheka. Wacheke.

Mzunguko wa tatu ni kukisi tanga, yaani kuipisha foromali upande wa pili wa mlingoti. Asiyejua hudhani mashua yetu inageuka kwa kuelekeza omo kwenye upepo. Ikifanya hivyo, upepo unalipiga tanga kwa upande wa mbele, linagandamana na mlingoti, na chombo kinasimama kikirudi kinyumenyume. Kwa mashua yenye mlingoti ambao ubao wake wa chini umebadilishwa juzi, shinikizo hilo linaweza kuung'oa. Geuza kwa tezi: ipe mashua upepo wa nyuma, legeza demani, simamisha foromali, ipitishe mbele ya mlingoti, kisha vuta demani upande mpya. Hakikisha hakuna kichwa cha mtu njiani.

Mzunguko wa nne ndio uliniokoa. Nilitoka nje kidogo ya Raskazone, upepo wa mchana umekaza, nikaiacha mashua ilale upande wa kulia kwa makusudi muda wa nusu saa, ili mbao ambazo kwa kawaida ziko juu ya maji zizame. Ndoo zilikuwa mbili. Nikageuza, ikalala kushoto. Tulikuwa tumebeba unga wa ugali kilo tano chini ya ubao wa kukalia, na kijana wangu akauinua akasema, "Mzee, unga umekuwa uji."

Maji yalikuwa yakiingia nyuma ya taruma la tatu kutoka omo, mahali jicho halifiki. Tulipolala chini na tochi tukaona kitundu cha upana wa penseli. Fundi alikuwa ameng'oa msumari ulioliwa na kutu, akaenda kula, akarudi akapaka rangi. Simlaumu sana, naye alikuwa na mashua tatu kwa wakati mmoja. Tulikata kipande cha ndara, tukakizungushia tambara lililochovywa shahamu, tukakiingiza na kukibana kwa kipande cha mti kati ya ubao na taruma. Kilishika mpaka nyumbani, kikashika na wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo nabeba ndara moja kuukuu isiyo na mwenzake, na watu wanadhani ni ushirikina.

Somo: mashua ijaribiwe ikiwa imelala pande zote mbili. Ikiwa imesimama wima inakuonesha nusu tu ya ubovu wake.

Siku ya kwenda

Wazee waliupa jina zuri ule wakati kati ya kusi, upepo wa kusini, na kaskazi, upepo wa kaskazini: tangambili. Upepo hauna ukali wa upande mmoja, na unaweza kwenda na kurudi. Mwambao wetu umenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo upepo wa mashariki unaoingia mchana unakupiga ubavuni ukienda Kigombe na unakupiga ubavuni ukirudi. Hakuna zawadi kubwa zaidi kwa mashua mpya. Tangambili ya Oktoba na Novemba ndiyo ninayoipenda, ingawa mvua za vuli huja na upepo wa ghafla. Ile ya Aprili na Mei ina masika, na Mei 2024 ilituletea kimbunga Hidaya, kilichoingia pwani ya Tanzania kupitia Mafia. Siku hizi utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapatikana kwenye simu bure. Usome kila jioni kwa siku tatu kabla, si asubuhi ya kuondoka tu, ili uone hali inaelekea wapi.

Kusi kikikaza, Juni hadi Agosti, kwenda Kigombe ni kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, siku nzima ukila maji ya chumvi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kunakupeleka raha mustarehe, halafu kurudi kunakuwa ndiyo bisho lenyewe. Huu ndio mtego wa kaskazi: safari inaanza kwa nyimbo. Kama huna budi kwenda msimu wa upepo mmoja, basi elekea kule upepo unakotoka kwanza, ukiwa na nguvu na chakula, ili ukichoka upepo ukulete nyumbani.

Maji nayo yana hesabu yake. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Siku ya tatu baada ya bamvua, maji yanajaa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hiyo ndiyo siku yangu. Unaondoka maji yakianza kutoka bandarini, yanakusukuma nje pamoja na umande, ule upepo mwanana wa alfajiri utokao bara. Yanapwa karibu saa saba mchana, miamba yote imejitokeza unaiona kwa macho, na unapokaribia Kigombe yameanza kujaa tena.

Kuingia mahali usipopajua ingia maji yakijaa. Ukikwama, subiri, yatakuinua. Ukikwama yakipwa, utakaa saa nyingi mashua imelala ubavu kwenye mwamba, na mbao mpya hazipendi hilo hata kidogo.

Watu na mzigo

Mashua ya mita saba inataka watu watatu wanaojua kazi: mmoja usukani, mmoja demani, mmoja henza na macho ya mbele. Wanne ni raha. Nahodha awe mmoja na ajulikane kabla ya kamba kufunguliwa, maana manahodha wengi chombo huenda mrama, na mara nyingi wa pili ni shemeji aliyewahi kwenda Unguja mara moja. Kwenye mashua yangu mjomba ananizidi umri kwa miaka ishirini. Pwani namwamkia shikamoo. Tukishapandisha tanga ananiita nahodha, wala hanipi ushauri mpaka nimwulize. Tulikubaliana hivyo kwa kahawa, si katikati ya bahari.

Kama unadhani upungufu wa watu ni jambo dogo, njia hii yenyewe ina ushahidi. Mbele ya Mtangata, jirani na Tongoni, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake ya São Rafael mwezi Januari 1499 akirudi kutoka India. Haikuwa imezama. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Meli hiyohiyo ilikuwa imekwama kwenye mafungu ya hapohapo mwaka uliotangulia.

Farumi: mifuko ya mchanga, si mawe. Mawe yanagonga mbao mpya, tena mfuko wa mchanga unaweza kuumwaga ukihitaji wepesi. Panga katikati na chini, acha ngama wazi ili kopo la kufulia lifike. Nilianza na mifuko minane ya kilo 25 nikaishia na sita.

Vingine: jaketi okozi kwa kila mtu na livaliwe, lisikaliwe; nanga mbili na kamba ndefu; makasia mawili marefu; maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku; tochi, filimbi, kioo kidogo cha kumulika jua, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukiwa na redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Na mfuko wa matengenezo: pamba, patasi, nyundo, misumari ya zinki, shahamu kwenye kopo, kipande cha bati, kamba, sindano ya tanga, na ndara. Muachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina, njia, na saa utakayopiga simu. Saa hiyo ikipita kwa muda mliokubaliana, asisite kupiga 112.

Safari yenyewe

Amka saa tisa usiku. Soma fimbo ya ngama, andika. Kunyweni chai nzito, mle mihogo, maana mtu mwenye njaa hufunga mafundo mabaya. Baada ya swala ya alfajiri fungua kamba.

Bandarini pisha meli. Zamani meli kubwa zilisimama mbali na matishari yakapeleka mzigo. Tangu kina kiongezwe zinaingia mpaka gatini, na njia yao ni nyembamba. Sheria za baharini haziruhusu chombo cha tanga kuizuia meli kwenye njia kama hiyo, hata kama upepo ni wako. Kaa pembeni. Upande wa Chongoleani kuna gati la mafuta ghafi la bomba linalotoka Uganda. Usikaribie, hata kwa kuangalia. Ukikutana na mashua nyingine ya tanga, anayepigwa na upepo ubavu wa kushoto ndiye anayepisha.

Ukishaipita Raskazone geuza kusini. Umande utakufikisha mbele ya Mwambani, halafu utakufa, kawaida saa tatu au saa nne asubuhi. Kipindi hiki cha upepo kulala ndicho kinachowatia watu wasiwasi wakaanza kupiga makasia hovyo. Usipige. Shusha nanga kwenye mchanga, fua maji, kula, kagua kila fundo, panda mlingotini uangalie henza. Mimi hapo ndipo hugundua mengi: kamba imelegea, kabari ya mlingoti imepanda kidogo, usukani unacheza kwenye vyuma vyake. Mashua imetembea saa tatu na sasa imenyamaza, isikilize. Mlio wa kwikwi kila wimbi likipita ni kitu kisichobana.

Nanga isitupwe kwenye matumbawe. Kuanzia hapa mpaka karibu na mdomo wa mto Pangani ni eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walikuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu. Mchanga unaonekana mweupe-kijani. Matumbawe yanaonekana rangi ya kahawia. Jua likiwa nyuma yako au juu yako unayaona vizuri. Likiwa mbele yako huoni kitu, basi weka mtu mbele na kijiti cha kupimia.

Upepo wa mchana ukiingia, utauona kwanza: mstari wa buluu nzito unaokuja juu ya maji yaliyotulia. Pandisha tanga kabla haujafika. Pita kati ya bara na visiwa vya Yambe na Karange, ambako mawimbi yamevunjwa na miamba ya nje. Mashua yangu hapa hutembea kama kilomita nane kwa saa, na huo ndio wakati wa kumpa mjomba usukani, kukaa mbele na kusikiliza maji yakipasuka chini ya omo. Ndoo kila saa, bila kukosa, hata kama ngama inaonekana kavu.

Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mweupe chini na maji yakitoa povu mbele yake, usisubiri kuona lina nini. Shusha tanga lote. Kuna wanaosema wapunguze tu. Mashua zetu nyingi hazina namna ya kupunguza tanga upepo ukishafika. Kwa saba, kama mlivyojifunza Toten. Elekeza omo upande wa upepo kwa makasia au kwa nanga, kaeni chini, ngojeni. Dakika ishirini, mara nyingi pungufu.

Kigombe ingia taratibu, tanga limeshuka nusu, ukiuliza kwa sauti wavuvi waliopo njia iko wapi. Watakuonesha kwa mkono. Salimia kwanza, ndipo uulize. Nenda kwa ofisi ya kijiji au kwa wasimamizi wa pwani ujitambulishe, ukaeleze mnalala usiku mmoja. Wageni wasiojulikana kwenye mashua usiku huleta maneno.

Mashua iache ikae mchangani maji yakipwa usiku, mahali laini, imeegemezwa kwa miti pande mbili. Amka uichungulie kwa tochi kutoka nje. Mahali panapotokwa na machozi kuelekea nje ndipo maji yanapoingia ndani ikiwa baharini. Tia chaki.

Kikiharibika njiani

Maji yakizidi ndoo mlizozoea, usitafute tundu kwanza. Geuza mashua ilale upande wa pili, subiri dakika kumi, soma fimbo. Yakipungua, tundu liko juu kwenye ule ubavu uliokuwa umezama, nawe umepata muda. Yasipopungua liko chini, na safari imekwisha: elekea mchanga ulio karibu, uipandishe kwa hiari yako. Mashua iliyopandishwa mchangani kesho itaelea.

Usukani ukitoka, kasia refu lililofungwa tezi linatosha. Foromali ikivunjika, sehemu ndefu iliyobaki ibebe nusu ya tanga. Henza ikikatika tanga litaanguka; likusanyeni kutoka majini haraka, lisije likawa nanga la ubavuni.

Na mtu akianguka, mmoja kazi yake ni kumnyooshea kidole tu, asiondoe jicho. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi kinapotea kwa kufumba na kufumbua.

Ukirudi

Kesho yake mambo ni yaleyale kwa kinyume, ila utakuta unaiendesha bila kuifikiria, na hapo ongeza uangalifu, maana mikono imechoka na mji unaonekana.

Ukifika Deep Sea, usiikimbie. Ivute maji yakipwa, izunguke na ile chaki ya kwanza ingali inaonekana. Linganisha alama za fundi na alama ulizotia Kigombe. Yangu zilikuwa tatu mpya: mshono mmoja karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua), kichwa cha msumari tezi, na pale pa ndara. Fundi alikuja jioni na patasi yake, akauchomoa ule mpira, akaugeuzageuza mkononi. "Hii si ndara yangu iliyopotea?" akasema. Tukaiangalia. Ilikuwa yake.